Miti ya Mwanarusi

Vumbi lilikuja na rangi mbili. Watu wa Msambweni na Funzi walipanda kutoka pwani na vumbi jeupe miguuni, laini kama unga wa muhogo. Watu wa upande mkavu, wafugaji na wakulima wa mtama, waliteremka kutoka bara na vumbi jekundu hadi magotini. Pale jeupe lilipokutana na jekundu palikuwa na banda la makuti, na ndani ya banda alikuwamo Mwanarusi.

Kila siku ya nne vumbi hilo lilikutana. Siku hiyo Wadigo huiita jumwa, siku ambayo jembe haligusi udongo. Na jembe likilala, miguu huamka. Jumwa baada ya jumwa, kabla jua halijavuka vichwa vya minazi, gulio la Mwanarusi lilikuwa limejaa.

Halikuwa gulio la serikali, wala la tajiri. Lilikuwa la nyumba moja: Mwanarusi, mumewe Tsuma, binti yao Mwanasha, na shamba lililosimama nyuma yao kama ukuta wa kijani. Wauza samaki na wauza mbuzi waliotandika kando yao walikuwa wageni wao. Kilichochumwa alfajiri kilikuwa mkekani asubuhi. Hapakuwa na haja ya kuuliza leo kuna nini. Uliangalia mkeka, ukajua mwezi.

Masika yakinyesha, mkeka ulikuwa majani: kunde, mchicha, majani ya maboga yenye manyoya mabichi. Mvua ikilegea, yalikuja mahindi ya kuchoma, na machungwa yenye ngozi ya kijani na maji ya asali. Mpunga ukikaribia kukomaa, kabla haujawa mgumu, mama na binti waliukaanga na kuutwanga, mchi huu ukipanda, mchi huu ukishuka, mpaka ukawa pepeta. Na harufu ya pepeta ilitembea njiani ikiita watu. Kisha mpunga wenyewe, uliolindwa dhidi ya ndege tangu macheo hadi machweo kwa kelele na makopo. Kisha mihogo, katika miezi ya ukame, ambayo hakuna aliyeisifu na hakuna aliyelala njaa. Kisha vuli, na pamoja na vuli mabibo mekundu na ya manjano, na korosho, na embe, na nyuki waliolewa kwa utamu.

Mwanarusi hakuwa mtu wa maneno matamu. Embe lililooza alilitupa mbele ya mteja. Mteja aliyebinya maembe matatu bila kununua aliambiwa akabinye ya kwao. Walirudi hata hivyo, kwa sababu pakacha lake halikuwa na vizuri juu na vibovu chini. Ulivyoona ndivyo ilivyokuwa, hadi kwenye kitako cha pakacha.

Alikuja pale akiwa bibi harusi, miaka ishirini nyuma. Shamba la Tsuma wakati huo lilikuwa minazi mizee kando ya kijito, na kilichobaki kilikuwa vichaka na nyoka. Tsuma alikuwa mwema, lakini alikuwa mtu wa kukwea minazi, si wa kuinama. Mwanarusi ndiye aliyeinama. Alitandika jamvi kando ya njia, akauza mafungu ya majani ya kunde, na kila aliyenunua alimwambia neno lile lile: ukirudi, njoo na mbegu.

Wakadhani ni mzaha. Lakini watu wa pwani huheshimu mzaha uliorudiwa mara nyingi. Mmoja akaja na kokwa. Mmoja akaja na mche kwenye kifuu. Mwanarusi alichimba, akapanda, akachota maji kijitoni mara saba kwa siku, mtoto mgongoni, mtungi kichwani. Miaka ikapita. Shamba likawa lile ambalo wapita njia walisimama kulitazama, mikono kiunoni, kama mtu anayemtazama mwali aliyetoka ndani.

Katika masika ya mwaka wa hamsini na tano, Tsuma alilala na homa na hakuamka.

Mwanarusi akakaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani. Mwanasha akakaa gulioni peke yake. Mama alisikiliza shamba kupitia makuti ya ukuta: machungwa yakianguka, ndege wakija, mpunga ukivunwa na mikono isiyo yake. Alipotoka, miembe ilikuwa imechanua. Na siku aliyotoka, Chome alifika.

Chome alikuwa mtoto wa dada yake Tsuma, kutoka Jego. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema. Alikuwa kijana mwenye desturi upande wake. Kwa Wadigo wengi wa siku zile, mali ya mwanamume haikwenda kwa mtoto aliyemzaa, ilikwenda kwa mpwa wake. Chome alikuja kuchukua shamba la mjomba na kila kilichosimama juu yake. Tena alikuwa amekwisha kuzungumza na mfanyabiashara mmoja, amkodishe mavuno yote, nazi, embe na korosho, na banda livunjwe.

Kwa Mwanarusi maana yake ilikuwa moja: kurudi kwa kaka yake huko Matuga na sufuria mbili na binti mmoja, na miaka ishirini ya kuinama ibaki nyuma yake ikiwa ya mtu mwingine.

Majirani walimshauri aende kwa kadhi. Alisema atakwenda ikibidi, lakini kwanza atasema na kijana. Akamkaribisha Chome, akampa uji wa mtama, akamngoja amalize, kisha akamwambia kwamba udongo ni wake Chome, yeye hana neno. Lakini desturi iliyompa udongo ina maneno mengine pia. Mti ni wa aliyeupanda.

Chome alicheka, si kwa dharau, ila kama mtu aliyeombwa kitu kidogo. Alijua miti ya mjomba wake. Mwanamke angeweza kupanda mingapi? Mipapai michache nyuma ya jiko. Akakubali mbele ya watu: wazee waitwe, shamba litembelewe, kila mti usemewe na shahidi. Wa mjomba ukatwe alama ya panga, wa mkaza mjomba ufungwe ukindu.

Kisha akachagua siku. Akachagua jumwa, kwa sababu siku hiyo hakuna mzee anayelima, na wote wangekuwa na nafasi.

Hakukumbuka ni nani mwingine ambaye huwa na nafasi siku ya jumwa.

*

Ilikuwa katikati ya vuli. Mabibo yalining'inia kama taa. Wazee watatu walikuja, mbele yao Mzee Chande, ambaye kazi yake ilikuwa kuamua mambo ya mashamba na ambaye hakuwahi kuharakisha jambo. Chome alikuja na panga. Mama yake, Bi Mwanatumu, dada wa marehemu, alikuja nyuma yake, leso yake imefungwa hadi kidevuni. Mwanarusi alishika kitita cha ukindu.

Kijitoni ilikuwa rahisi. Minazi mizee ilikatwa alama moja baada ya moja, na Mwanarusi mwenyewe alikubali kila mmoja. Kisha wakafika kwenye mkwaju mkubwa wa kwanza, na Mzee Chande akauliza nani alipanda.

Mwanarusi akasema ni yeye.

Mzee akatikisa kichwa. Mwenye kudai hajishuhudii mwenyewe. Nani aliona?

Hapo Mwanarusi akahisi ardhi ikimteleza. Aliyeona alikuwa Tsuma, na Tsuma alikuwa kaburini. Mwanasha alikuwa mgongoni, na mtoto wa mgongoni haoni isipokuwa shingo ya mama yake. Alitazama mti aliouchotea maji mara saba kwa siku, na mti haukuwa na mdomo. Chome akainua panga.

"Subiri," sauti ikasema kutoka upande wa banda. "Huo mimi naujua tangu ukiwa kokwa."

Alikuwa Kenga, muuza mbuzi, mtu wa bara, miguu yake myekundu hadi magotini. Alimpa jirani kamba ya mbuzi, akaja taratibu, akaupiga mkwaju kofi kama anavyompiga ng'ombe wake.

"Nilizileta hapa kokwa zake kwenye kibuyu," akasema. "Huyu mama akaniambia, isipoota, usirudi. Wazee wangu, miaka kumi na nane nakuja kila jumwa kuangalia kama bado naruhusiwa."

Watu wakacheka, na kicheko kikawaleta. Gulio zima liliacha mikeka likaingia shambani. Vumbi jeupe na vumbi jekundu likapita kati ya miti kwa pamoja.

Mwembe dodo ulisemewa na Mwanaima, muuza samaki wa Funzi. Kokwa lake alilifyonza mwenyewe hadi likawa jeupe, akiwa na mimba ya Mishi.

"Na ushahidi?" Mzee Chande akauliza.

"Mimba si hii hapa imesimama?" Mwanaima akamvuta mbele msichana wa miaka kumi na sita, aliyetamani kufunikwa na leso. "Mti na huyu ni umri mmoja. Ila mti una adabu zaidi."

Mchungwa ulitoka Vanga, ndani ya kapu la dagaa; mwenye kapu alikuwepo. Mfenesi uliletwa na fundi wa vitanda. Mistafeli, milimau, minazi mifupi ya safu ya pili: kila mmoja ulikuwa na mtu wake, na kila mtu alikuwa na kisa chake, na wengine walikuwa na visa virefu mno, hata wazee wakawaomba wafupishe. Ukindu ukafungwa, ukafungwa, ukafungwa. Mikono ya Mwanarusi, iliyozoea kufunga mafungu ya kunde, ilifunga bila kutazama, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

Ewe shamba, ulikuwa na ndimi ngapi, na wewe siku zote umenyamaza!

Ikabaki mikanju, yaani mikorosho. Safu mbili ndefu, nyuma ya banda, matawi yake yameshuka hadi chini kwa uzito. Hiyo ndiyo iliyolisha nyumba. Mengine yote yalikuwa mboga. Mikanju ilikuwa wali. Mzee Chande akauliza swali lile lile. Watu wakatazamana. Kenga akajikuna. Ilikuwa miti ya kwanza kabisa, kabla ya jamvi, kabla ya gulio. Hakuna mteja aliyeiona ikipandwa.

Chome akashusha pumzi. Hakufurahi, ila alikwenda kwenye mkanju wa kwanza akaweka makali ya panga kwenye gome.

"Chome," Bi Mwanatumu akasema. "Ondoa panga."

Akageuka.

"Mbegu za mikanju hii zilikuwa kwenye ncha ya leso yangu. Nilimfungia siku aliyoolewa na ndugu yangu, nikamwambia, huyu kaka yangu hajui kuinama, utainama wewe. Nikakaa naye siku saba. Nikamwona akichimba, na hina bado ikiwa mbichi mkononi."

"Mama," Chome akasema kwa sauti ya chini. "Haki hii imepitia kwako. Nimeipata kwa sababu yako wewe."

"Ndiyo. Nilikuzaa, na udongo umeupata. Kuzaa ni kazi yangu. Kupanda ilikuwa kazi ya huyu."

Mikanju yote ikafungwa ukindu. Wa mwisho, Mwanarusi alishindwa kukaza fundo, na Bi Mwanatumu akaja akalikaza, na wanawake wawili wa umri mmoja wakasimama wameshika gome, wakimlilia mtu mmoja.

Mzee Chande akahukumu. Udongo wa Chome. Minazi ya kijitoni ya Chome. Miti iliyofungwa ya Mwanarusi, na njia ya kuifikia isizibwe na yeyote. Kisha, kwa kuwa hakuharakisha jambo, akatazama banda. Boriti zake nani alikata?

Mwanarusi angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Alikata Tsuma," akasema. "Banda ni la Chome."

Watu wakaguna. Yeye alikuwa amekwisha kuinama. Akakunja mkeka wake, akaubeba kwapani, akatembea hatua ishirini, akautandika chini ya mikanju, akarudi kuchukua pakacha. Mwanasha akabeba la pili. Mwanaima akahamisha samaki wake, akilalamika kuhusu mgongo. Kenga akahamisha mbuzi, au mbuzi wakamhamisha Kenga. Kabla ya adhana ya adhuhuri gulio lote lilikuwa chini ya matawi, na bandani akabaki Chome, na panga, na kivuli cha makuti.

Alikaa hapo muda. Kisha akaja, akasimama mbele ya mkeka kama mteja asiyejua bei.

"Mkaza mjomba," akasema, "nimerithi udongo. Nifanye nini nao?"

Mwanarusi alimtazama. Alikuwa na pua ya Tsuma, na jasho la Tsuma kwenye mdomo wa juu.

"Udongo hupandwa," akasema. "Ila leo ni jumwa. Leo chukua pakacha hilo, umpelekee yule mama, na usifiche vibovu chini."

Chome akaliweka panga kwenye shina, akachukua pakacha. Alikwenda akirudi, akirudi akienda, hadi alasiri, viatu akiwa amevivua, na wanunuzi walimkaripia na kumtania kama walivyomtania kila mtu wa nyumba ile. Chini ya mikanju hapakuwa na njia asubuhi ile. Jioni ilikuwapo, imekanyagwa wazi, na vumbi lake halikuwa jeupe wala jekundu. Lilikuwa rangi ya bibo linaloanza kuiva, na lilikuwa limempanda Chome hadi magotini.