Kitambaa Cheusi cha Ikram

Hivi wewe, mtu wako akiingiwa na kitu jichoni, unafanya nini kwanza?

Mimi nilikuwa na jibu langu. Nililipata kwa mama yangu, naye alilipata kwa mama yake. Unachukua pindo la kanga, pindo safi, unalikunja mpaka linakuwa kama ncha ya kidole. Unalipulizia pumzi ya moto mara tatu. Unamkandamiza mtu wako jichoni, halafu unafuta kutoka puani kwenda nje. Kwa njia hiyo nimewatoa wanangu vumbi, makapi ya mahindi, hata wadudu. Sikuwahi kumwumiza mtu. Hilo ndilo nililojitetea nalo moyoni kwa miezi saba.

Jina langu Fatu. Nakaa Kang'ata, Handeni, nyumba ya bati iliyo kando ya barabara, yenye nguzo mbele ya baraza. Ikram ni mtoto wa marehemu mwanangu Sabiri, nami nimemlea tangu ana miaka minne. Tunaitana mke mwenza. Babu yake Hussein, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wageni ana wake wawili, mmoja mzee na mwingine hajui kupika. Tangu hapo jina likakaa.

Ikram alisomea ufundi, akaajiriwa na kampuni moja ya ukandarasi pale Korogwe, wanaopitisha mkongo, ule waya wa intaneti ambao ndani yake una nyuzi za kioo. Mafundi walikuwa kumi na mmoja, mwanamke yeye peke yake. Alipanga chumba Masuguru. Kila mwisho wa mwezi alikuja kwangu, anakaa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti yangu, namsuka. Mistari tisa, kurudi nyuma. Habari zake zote nilizipatia hapo. Ya mume aliyemkataa, ya kuogopa kupanda nguzo siku ya kwanza, zote nilizisikia nikiwa na chanuo mkononi.

Mwaka jana mwezi wa saba, wakati wa ufuta, kazi yao ikafika huku kwetu. Siku moja asubuhi wakateremsha waya kutoka kwenye nguzo ile ya mbele, na Ikram akaachwa aupime. Akatoa meza yangu ndogo barazani, akatandika kitambaa cheusi, akavaa miwani ya kinga, kubwa kama ya mchomeleaji.

"Mke mwenza, baki hukohuko," akaniambia. "Usivuke kizingiti."

"Nyumba yangu, baraza langu, wewe wa kunifukuza?"

"Nakufukuza. Leo mimi ndiye mke mkubwa."

Nikacheka, nikakaa kwenye kigoda mlangoni, nikamtazama. Napenda kuona mtu anavyofanya kazi yake. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele. Kwanza unavuliwa ganda, halafu ncha inakatwa kwa kikata chake, tik, ndipo unachomekwa kwenye kipimo. Vile vipande vinavyokatwa ni kioo kitupu. Ukivitafuta kwenye sakafu huvioni, ndiyo maana kitambaa kikawa cheusi. Alikuwa na chupa ya kuvitia, yenye mfuniko, na solotepu ya kuviokotea. Haviokotwi kwa vidole wala havipulizwi. Na mahali vinapokatwa, mtu hali chakula.

Kabla ya kugusa kitu aliweka simu spika, akampigia mwenzake Clinton, aliyekuwa Korogwe kwenye chumba cha mitambo, upande wa pili wa waya.

"Clinton, umezima uzi wa nne?"

Simu ikakaa kimya. Nikasikia upepo tu. Ikram hakugusa waya. Akauliza tena. Kimya.

"Si amenyamaza, basi amezima," nikasema. "Hata binti akiulizwa kama anamtaka mchumba akinyamaza, shehe anajua amekubali."

"Huku kimya si jibu, bibi. Mwanga wa humu hauonekani kwa macho. Waya unaweza kuwa unawaka, wewe ukaona kama umezimika, ukachungulia ncha, na jicho likaungua bila kusikia hata maumivu. Nangoja mpaka aseme kwa mdomo wake."

"Na akisema unachungulia?"

"Hata akisema sichungulii. Napima."

Simu ikarudi. "Nimezima! Uzi wa nne hauna mwanga, narudia, hauna mwanga. Kuna nini huko, dada, mbona nasikia harufu ya kisamvu mpaka huku?"

"Ni bibi, anataka kuninenepesha."

"Mwambie nakuja kuposa!"

"Mwambie nina mume kaburini," nikajibu kwa sauti, "lakini hana wivu." Tukacheka wote watatu, mmoja akiwa Korogwe.

Basi kazi ikaenda mpaka jua likawa juu ya kichwa. Ugali ulikuwa tayari, na kisamvu cha karanga. Ikram alikuwa anamsomea Clinton namba za mwisho kutoka daftarini. Jasho lilikuwa limeingia kwenye miwani, akaipandisha kwenye paji la uso ili aone namba vizuri. Niliona. Pia niliona chakula kinapoa, na meza ni hiyo moja.

Sasa sikiliza. Sisi huku tunapura ufuta juu ya turubai, na turubai la ufuta halikunjwi bila kukung'utwa. Mtoto wa miaka sita anajua. Unashika pembe mbili, unainua, unatikisa mara moja kwa nguvu. Mwezi ule wote mikono yangu ilikuwa haifanyi kazi nyingine. Nikavuka kizingiti, nikahamishia kile kipimo kwenye kiti, taratibu, na chupa yake pembeni.

"Ngoja nikung'ute hiki tule," nikasema.

Nikashika pembe mbili. Upepo ulikuwa unatoka upande wangu.

Hakupiga kelele. Simu ilimwanguka, akafumba jicho la kulia, akasema, "Bibi." Basi, hilo tu. Nikamshika kichwa, nikavuta pindo la kanga, nikapuliza mara tatu, nikakandamiza, nikafuta. Akanishika kifundo cha mkono, akakibana sana. Nikadhani ni maumivu. Nikamwambia, "Vumilia, kinatoka," nikafuta tena. Machozi yalimtoka mengi, nikafurahi, maana machozi ndiyo yanayokitoa kitu. Vidole vyake vilikuwa bado vimebana mkono wangu.

Jicho likalala jekundu. Kesho yake likavimba. Zahanati wakatupeleka hospitali, na siku ya nne tukawa mbele ya daktari wa macho, kijana mpole. Alimmulika kwa muda mrefu. Akasema kipande cha kioo kimesukumwa ndani kwa kufikichwa, na kidonda kimeshaoza. Kingesuuzwa kwa maji safi tu, mengi, bila kuguswa, akaletwa siku ileile, huenda tungekuwa tunazungumza mengine.

"Nani alifikicha?" akauliza.

Mimi nilikuwa kwenye benchi, hatua mbili kutoka pale, mkoba mapajani.

"Mimi mwenyewe," akasema Ikram.

Nilifungua mdomo. Sijui kwa nini haukutoka hata upepo. Daktari akaandika. Nami nikanyamaza, na kunyamaza kule kukawa ndiyo jibu langu.

Alipona maumivu, lakini kwenye kioo cha jicho limebaki kovu jeupe kama punje ya mchele. Anasema anaona kama mtu aliye jikoni kuni mbichi zikifuka moshi. Kampuni nayo ilimtaka aeleze kwa maandishi. Akaandika kwamba alivua miwani, akakung'uta kitambaa mwenyewe, akajifikicha mwenyewe. Wakamjibu kwa barua yenye mhuri: mkataba umesitishwa kwa uzembe. Alinisomea mimi ile barua, kwa sababu herufi zilikuwa ndogo na miwani yangu ilikuwa imevunjika mkono. Aliposoma neno uzembe sauti yake haikubadilika. Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya godoro.

Akarudisha chumba cha Masuguru, akarudi Kang'ata.

Tuliishi vizuri, ukitazama kwa nje. Asubuhi "Shikamoo bibi," "Marahaba." Hakuniita mke mwenza tena, wala mimi sikumwita. Akimimina chai ilipita pembeni ya kikombe, naye alifuta haraka kabla sijaona, nami niligeuka haraka ili adhani sikuona. Mwisho wa mwezi ulipofika nilitoa mkeka, nikauweka. Chanuo nikaliweka juu yake. Lakini mikono yangu ikiwaza kumshika kichwa ilikuwa inakufa ganzi. Nikasema mgongo unaniuma. Mwezi uliofuata nikasema hivyohivyo. Mwezi mwingine tena alikwenda kusukwa kwa Grace, jirani yetu. Alirudi na mistari saba. Nikasema amependeza.

Mwezi wa pili mwaka huu nikachoka. Nikamwambia naenda Magoma kumjulia hali dada yangu Hafsa. Nikavaa baibui la sikukuu, nikaenda zangu Korogwe, nikaulizia mpaka nikaifikia ofisi yao.

Msimamizi wao anaitwa Semboja, Msambaa wa makamo, mvi mbili tatu. Alisimama kunipokea.

"Shikamoo mama. Karibu kiti."

"Sikujia kiti, baba. Nimekuja kukwambia Ikram amekudanganya."

Nikamwambia yote. Kisamvu, meza, turubai la ufuta, upepo ulikotoka, pumzi tatu, daktari. Sikubakiza kitu. Nilisema hata rangi ya kanga. Alinisikiliza bila kunikatiza, kalamu mkononi.

"Ikram ni mtu mzima, mama," akasema. "Miwani ilikuwa wapi?"

"Kwenye paji la uso."

"Na wewe ulifikaje kwenye meza?"

"Kwa miguu yangu. Alinikataza."

"Alikukataza, halafu akaacha kukutazama. Kazi hii haitaki hivyo." Alisema kwa huzuni, si kwa ukali. "Nitapeleka maelezo yako juu. Pengine lile neno uzembe wataliondoa. Lakini kumrudisha kwenye nyuzi... ule uzi unataka macho mawili, mama. Sitakuficha."

Nikasema ahsante. Nje, mlangoni, kijana mwembamba alinijia mbio, kofia ya kazi mkononi.

"Shikamoo bibi. Mimi Clinton."

"Marahaba. Wewe wa kisamvu."

Hakucheka. "Bibi, mimi nilikusikia siku ile. Simu ilianguka lakini haikukatika. Nilisikia ngoja nikung'ute, nikasikia vumilia kinatoka. Nikawa napiga kelele huku, msifikiche, msifikiche, hakuna anayenisikia. Ikram aliniapisha nisiseme."

Nilitaka kumwomba radhi hata yeye. Nikamshika tu bega, nikaondoka.

Nilifika nyumbani alasiri. Ikram alikuwa barazani, kwenye meza ileile, anachambua maharage. Kwa sababu ya jicho hayachambui tena kwa kutazama. Anayapitisha moja moja kati ya vidole, kijiwe akikisikia anakitupa.

"Shikamoo bibi. Bibi Hafsa hajambo?"

"Marahaba. Hajambo."

Punje kama kumi zikapita.

"Clinton amenipigia," akasema.

Nikakaa kwenye kigoda, baibui bado mwilini. Nikasema, "Sikuweza tena, mwanangu. Nilitaka wakurudishie kazi yako. Huyo Semboja nimemweleza kila kitu, hata—"

"Najua. Clinton alikuwa nje ya dirisha. Amesema ulieleza mpaka rangi ya kanga."

"Amesema pengine neno litaondolewa."

"Sawa."

Akaendelea kuchambua. Halafu vidole vikasimama. Akageuza uso wote, maana siku hizi lazima ageuze uso wote ili anione kwa lile jicho la kushoto.

"Siku ile nilikushika mkono," akasema.

"Nakumbuka. Nilidhani ni maumivu."

"Nilikuwa nataka uache. Nilijua hakifutwi, tulifundishwa. Lakini hujawahi kuniumiza tangu nizaliwe. Nikaona aibu kuuondoa mkono wa bibi yangu."

Mimi nilikuwa nalia, sikujificha. Naye hakunibembeleza. Alisubiri, kama alivyomsubiri Clinton siku ile, waya mbele yake na mikono mapajani.

"Kwa daktari nilisema ni mimi," akasema, "nikadhani tukitoka nje tu utaniambia. Tukiwa kwenye gari nikadhani utaniambia. Ulipotoa mkeka mara ya kwanza nikasema leo ndiyo leo, nikafumua nywele kabisa. Ukasema mgongo. Leo umepanda magari mawili kwenda kumwambia mtu usiyemjua." Akayasogeza maharage pembeni. "Kazi nilijua hairudi, mke mwenzangu. Nilitaka uniambie mimi."