Taa Mia Mbili na Kumi na Mbili

"Simama kwanza, ndipo nibonyeze," Onsongo alisema.

"Bonyeza kwanza, ndipo nisimame," Filister akajibu.

Walikuwa nyuma ya ukumbi wa hoteli moja mjini Homa Bay, kati ya mitungi ya gesi na ndoo za maganda ya viazi, wakivutana kama watu wawili walioshika kamba ya mbuzi mmoja. Boaz Onsongo alivaa fulana ya rangi ya machungwa yenye jina la Soko Tele kifuani, na kwapani alibana kompyuta yake kama mchungaji abanavyo Biblia. Alijiita meneja wa kanda. Filister alivaa gauni lake la misa na ndala, kwa sababu viatu vya misa vilikuwa vimekwisha.

"Sikiza, Mama Bravin. Hawa watu wa ndani wamesikia maneno. Kuna mtu anasambaza kwenye magrupu kwamba Soko Tele hailipi. Wewe ndiye jina kubwa upande wote wa ziwa, kutoka Muhuru hadi Karungu. Dakika mbili tu. Useme umelipwa. Nikitoka hapo nabonyeza, na pesa inaingia kabla hujafika stendi."

"Na nikisema sijalipwa?"

Onsongo alitabasamu kwa huzuni, kama daktari. "Basi itabaki inachunguzwa. Si mimi. Ni mfumo."

Mfumo. Miezi mitano sasa Filister alikuwa akilishwa neno hilo. Kazi yenyewe ni rahisi kueleza, na ndiyo maana iliwanasa wengi. Soko Tele humpa kila mshirika wake linki, anwani ya mtandaoni yenye namba yake. Mtu akipitia linki hiyo akanunua taa ya sola, mshirika ana shilingi mia tatu zake. Hakuna duka, hakuna mzigo wa kubeba, hakuna bosi. Ni simu yako na mdomo wako. Filister, aliyeanika omena, dagaa wa ziwani, tangu aolewe, alikuwa na mdomo.

Kitu alichokosa ni wateja wenye simu za kisasa. Wanawake wa ufukweni Karungu wana kabambe, zile za vitufe, zilizofungwa kwa raba zisitapike betri. Alipouliza kwenye mafunzo ya kwanza, pale Migori, afanyeje, Onsongo huyu huyu alimjibu mbele ya watu arobaini: "Mteja hana simu? Mpe yako! Shika kidole chake, kibonyeze pamoja na chako. Huduma ndiyo hiyo!" Watu wakapiga makofi.

Basi Filister akashika vidole. Kidole cha mama Susana, kilichopinda kwa baridi yabisi, ndicho kilichokuwa cha kwanza. Wakabonyeza pamoja, Susana akacheka kama msichana: "Kwani nimenunua? Hivi tu? Na mwenye duka hajaniona sura!" Taa ikafika mji wa jirani wa Sori baada ya siku nne ndani ya katoni. Ikawaka. Baada ya hapo wakaja wenyewe, na pesa zimefungwa kwenye ncha za leso, wakipanga foleni kando ya nyavu za kuanikia, kila mmoja na kidole chake. Taa mia mbili na kumi na mbili. Soko Tele ilipokea pesa za taa zote, haikurudisha hata moja kwa kuichunguza. Kilichochunguzwa ni kamisheni peke yake: *Ununuzi mwingi kutoka kifaa kimoja. Yashukiwa mshirika ajiuzia mwenyewe. Shilingi 63,600. Yasubiri kuidhinishwa.*

Ajiuzie taa mia mbili na kumi na mbili! Kwani ana nyumba ngapi, kasri?

Sheria ilikuwepo, kweli, ukurasa wa tisa, kwa Kiingereza cha wanasheria, juu ya kile kitufe cha Nakubali ambacho kila mtu hubonyeza. Baba yake Filister alikubali hivyo hivyo, kwa dole gumba lenye wino, alipoilimia kampuni tumbaku kule Uriri. Msimu mzima waliinama kwenye mashamba, wakakausha majani hadi watoto wakakohoa, halafu siku ya kuuza akaja kijana mwenye kalamu, akanusa jani, akasema: daraja la nne. Toa mbolea, toa dawa, toa kuni. Mzee akarudi nyumbani na karatasi. Wengine walirudi na karatasi za pamba, wengine na karatasi za miwa. Watu wa huku wamelipwa karatasi nyingi. Sasa hata karatasi imeondolewa. Unaonyeshwa namba kwenye kioo, na kioo umekinunua wewe.

Naye alikinunua kwa mkopo. Awino, aliyekuwa na viwanja vinne vya kuanikia pale ufukweni, alimpa elfu ishirini na tano za simu na bando, na Filister akaweka rehani kiwanja chake kimoja, hatua tisa kwa ishirini, alichoachiwa na mama mkwe. Kwa mwanamke wa omena kiwanja si mchanga. Usipokuwa na kiwanja unawaanikia wengine, unalipwa kwa gorogoro, kopo la kupimia, na mvua ikinyesha unalaumiwa.

"Leo ni Ijumaa," Awino alikuwa amemwambia alfajiri kwa Kijaluo chake, bila ukali. Awino ni Msabato wa kweli, si wa kofia. "Jua likizama sishiki pesa, wala sisikilizi hadithi ya pesa. Jioni uje nazo mkononi. Nimekuongezea miezi miwili, Min Bravin. Wa tatu siuwezi."

Hayo ndiyo yaliyomsimamisha kando ya ndoo za maganda.

"Dakika mbili?" Filister aliuliza.

"Moja na nusu ukitaka."

Ukumbini walikuwa kama sitini. Vijana wa mjini, walimu wasioajiriwa, wanawake waliotoka Lambwe na mavumbi ya barabara kwenye nyusi. Kila aliyetaka linki angetoa shilingi elfu moja mia tano za usajili pale mezani. Onsongo alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nani anajua malkia wa sola? Mpeni makofi ya kilo! Mama Bravin kutoka Karungu!"

Filister alisimama mbele yao. Alijua kusimama; kanisani kwao ndiye aliyesoma matangazo.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mimi naitwa Filister. Nimeuza taa mia mbili na kumi na mbili."

Wakapiga makofi. Hilo lilikuwa kweli, na lilimpa nguvu.

"Kila taa ni shilingi mia tatu. Pigeni hesabu wenyewe."

Msichana mmoja aliyesuka rasta za zambarau alikuwa tayari ameipiga kwenye simu yake. "Sitini na tatu na point!" alipaaza sauti, na ukumbi ukaguna kwa tamaa tamu.

"Na pesa hizo," Filister alisema. Alimtazama Onsongo. Onsongo alikuwa ameifungua kompyuta mezani, kidole kikielea juu yake. "Na pesa hizo zote nimelipwa."

Ilitoka laini kuliko alivyodhani. Makofi yakavuma. Na katika safu ya mbele, mwanamke wa makamo aliyekuwa hajapiga makofi hata mara moja, mwanamke aliyekuja kusikia tu, aliinamisha kichwa, akaanza kufungua fundo la leso yake kwa meno.

Filister alilitazama fundo lile likilegea.

"Mama, ngoja," alisema. "Usifungue."

Mwanamke akainua macho, leso ingali mdomoni.

"Nimesema uongo. Sijalipwa hata ya chumvi. Nimeambiwa nikisema nimelipwa, ndio nitalipwa."

Onsongo alicheka kwa nguvu. "Mama Bravin anapenda utani! Watu wa Karungu mnawajua!"

"Utani wa miezi mitano?" Filister alichomoa simu kifuani, akafungua ukurasa, akampa yule mwanamke. "Soma. Ukimaliza umpe wa nyuma yako."

Simu ikapita safu kwa safu kama sahani ya sadaka ambayo hakuna anayetia kitu. Wengine waliisoma kwa sauti: yasubiri, yasubiri. Mwalimu mmoja alivua miwani, akavaa, akasoma tena. Onsongo alijaribu kuifuata, lakini kila alipofika ilikuwa imeshapita.

"Ofisa, hii ni nini?" mwalimu aliuliza.

"Ni kesi moja. Mmoja kati ya maelfu. Alivunja sheria."

"Sheria uliyonifundisha wewe!" Filister akasema. "Pale Migori. Shika kidole chake. Si ndivyo ulivyosema? Ama ilikuwa ni fulana iliyosema?"

Watu wakacheka, na kwa muda mfupi Filister alihisi ukumbi umekuwa wake. Wengine walisimama na kubeba mikoba yao. Kumi, kumi na wawili. Mwanamke wa leso alilikaza fundo lake, akatoka bila kumtazama mtu. Filister aliwangoja waliobaki wasimame.

Hawakusimama.

Msichana wa rasta ndiye aliyemrudishia simu. Aliitwa Caren, kadi ya jina ilikuwa imebandikwa kifuani. Alimvuta kando, akamnong'oneza kwa heshima kabisa:

"Auntie, kwani ulibug wapi, ulikosea nini? Shida ni ile simu moja, ama? Mimi nikitumia simu tofauti tofauti, si watanilipa?"

"Binti yangu, hawalipi."

"Lakini kama ni simu moja..." Caren alikuwa anawaza, macho yakimetameta. "Nyumbani tuko na simu tatu. Asante, auntie. Umenisaidia sana." Naye akajiunga na foleni ya mezani.

Foleni ile ilikuwa na watu zaidi ya thelathini. Filister aliwatazama. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga. Walikuwa wamesikia vizuri, wameelewa vizuri, na kila mmoja alikuwa amepata sababu yake ya kuamini kwamba yeye hatakuwa Filister. Hicho ndicho kilichomchoma kuliko fulana ya Onsongo. Hata wazee wa tumbaku walisema hivyo hivyo: msimu ujao nitakausha vizuri zaidi.

Onsongo alimfuata hadi mlangoni. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa anatoka jasho.

"Umefurahi?"

"Usibonyeze, basi. Bakini nayo."

"Nibonyeze nini, Mama Bravin?" Alimgeuzia kompyuta. Ulikuwa ukurasa kama wa Filister, rangi ile ile, maandishi yale yale, ila namba ilikuwa ndefu zaidi. *Mshirika: B. Onsongo. Shilingi 418,250. Yasubiri kuidhinishwa.* "Hakuna kitufe. Sijawahi kuwa nacho. Ninachokula ni kile kidogo cha usajili. Nikiwaleta hamsini kila wiki, wameniahidi wataniangalia."

"Ni akina nani?"

Alifunga kompyuta. "Sijui. Nina barua pepe tu. Inajibu ndani ya sekunde moja, hata Krismasi."

Filister alitafuta tusi la kumpa. Alikuwa na mengi, ya Kijaluo, yenye uzito. Lakini aliona kola ya fulana yake imefumuka na kushonwa kwa uzi mweusi, na tusi likakosa mahali pa kutua.

"Wana nyumba wapi hawa watu?" alisema. "Hata mtu akitaka kwenda kuwatukana, anapanda gari la wapi?"

Onsongo alirudi mezani kwake. Kulikuwa na watu wa kusajili.

Filister alifika Karungu saa kumi na mbili jioni. Ziwa lilikuwa limelala, na ufukwe ulinuka omena, chumvi na moshi. Wasabato walikuwa wakikimbizana na jua, wakikusanya samaki ili Sabato isiwakute mikono ingali na magamba. Awino aliinama kwenye kiwanja chake cha nne, akizoa kwa ungo. Alimwona Filister akija, akaiona mikono yake, akajua.

"Hukupata."

"Sikupata."

"Waliahidi lini tena?"

"Hawakuahidi. Hakuna mtu."

Awino alinyooka polepole, akashika kiuno. Alitazama jua, vidole vitatu juu ya maji. "Basi kiwanja nimekichukua, Min Bravin. Nisingependa."

"Najua."

"Mle ndani kuna omena zako za asubuhi."

"Kiwanja kimeenda na kilichomo. Ndivyo tulivyoandikiana."

"Ndivyo." Awino alimsukumia ungo mwingine kwa mguu. "Nisaidie hiki cha nne basi. Nitakulipa Jumapili."

Wakazoa pamoja, wakirudi nyuma kwa magoti. Samaki waliimba kwenye ungo kama mvua ya kwanza juu ya bati. Walipomaliza gunia la mwisho, Filister akageukia kiwanja kilichokuwa chake, ambako omena zilikuwa zimekauka vizuri, fedha tupu, hatua tisa kwa ishirini. Alipiga magoti ukingoni.

"Acha," Awino alisema. Alikuwa ameshanawa mikono kwenye ndoo, ameinyanyua mbele yake ikidondoka maji. Kule kwenye maji jua lilikuwa halipo tena. "Ni zangu, na Sabato imeingia. Siwezi kuzishika, wala siwezi kukutuma."

"Nami siwezi. Si zangu."

"Si zako."

Walisimama kila mmoja upande wake wa wavu. Huko kwenye nyumba za Wasabato wimbo ulianza, sauti moja, kisha nyingi. Yangeyange mmoja mweupe alishuka, akakunja mbawa zake kwa utaratibu, akaukanyaga wavu wenye omena kwa mguu mmoja, akangoja kuona kama kuna atakayemfukuza. Kisha akashuka wa pili.