Gari Ikisimama, Zima Moteri

Waya zangu hazikuwa na kosa. Naanza hapo, maana wiki nzima hapa mtaani Jabe watu wameanza na uongo.

Naitwa Nsimire. Nilizaliwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, na huu ni mwaka wa kumi na moja natengeneza umeme wa magari katika garaji ya Télesphore, nyuma ya soko. Mwezi uliopita shirika moja la afya lilituletea jipu lao kubwa jeupe niwafungie winchi, ile mashine ya mbele yenye kamba, ya kulivuta gari likizama kwenye potopoto. Jipu hilo ndilo linalopeleka chanjo za watoto vilimani, juu ya Kanyosha, ambako mvua ikinyesha barabara inageuka uji.

Kazi hiyo niliifanya siku mbili, bila kuharakisha. Bolti nne nilizikaza mwenyewe. Waya mbili nene kama kidole gumba nilizipitisha ndani ya mpira ili chuma cha bampa kisizikwaruze. Nyekundu niliifunga kwenye chanya ya betri, na nyeusi kwenye hasi ya betri yenyewe, siyo kwenye bodi ya gari kama wanavyofanya mafundi wa kulipua. Kamba niliitoa yote nje nikaizungusha upya ikiwa imebeba uzito, isije ikajibana siku ya shida. Halafu nikamwita shofere, mzee Méthode, nikamwambia mara tatu asizime injini.

"Mzee, ukivuta na hii, moteri iwake. Winchi inakula umeme mwingi sana. Ukizima moteri, betri itakufa katikati ya kazi."

Mzee Méthode aliangalia karatasi iliyobandikwa mbele ya usukani, imefunikwa plastiki, ina muhuri. GARI IKISIMAMA, ZIMA MOTERI. HAKUNA KISINGIZIO. Chini yake sahihi ya Térence, mkuu wa magari wa shirika.

Karatasi hiyo nilijua ilikotoka. Katika mji huu mazutu, mafuta ya dizeli, inatafutwa kama dawa. Watu wanapanga magari kwenye stesheni mpaka wanasahau siku. Kwa hiyo shefu Térence alifunga kifaa kinachomwambia kwenye simu kila moteri inapowaka na gari halitembei. Shofere anayekamatwa anaandikiwa barua. Barua tatu, kazi imekwisha. Mi nilidhani hata mkuu wa magari anajua kwamba winchi inavuta gari lililosimama. Nilimpa heshima asiyostahili.

Jumanne jipu likazama, vilimani huko, na masanduku ya chanjo ndani. Mzee Méthode akafunga kamba kwenye mti, akavuta, na katikati ya kuvuta kila kitu kikafa. Walikaa pale mpaka jioni, lori lilipopita likawavuta. Barafu iliyeyuka, chanjo zikatupwa, na akina mama waliokuwa wamepanga mstari tangu asubuhi wakarudi na watoto wao migongoni.

Kesho yake Térence akaja garajini na jipu, mzee Méthode nyuma yake. Hakuniita pembeni. Alisimama katikati, mbele ya mafundi na wateja, akasema, "Mi nilisema tangu mwanzo. Mwanamuke na umeme ya gari, wapi na wapi? Angalieni sasa, chanjo ya watoto imeharibika juu yake."

Nikamwangalia Télesphore. Miaka kumi na moja ananijua. Magari yaliyowashinda mafundi watatu huwa ananisukumia mimi, na yanatoka yanawaka. Siku hiyo hata boneti hakufungua. Alisema nina mpaka Jumamosi kuonyesha kwamba kosa si langu, la sivyo nikusanye vyombo vyangu. Niliumia, sitaficha. Térence hanijui, lakini Télesphore ananijua.

Nilipima kila waya, mwanzo hadi mwisho. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiacha. Nikamtafuta mzee Méthode.

"Uliacha moteri inawaka?"

Aliangalia viatu vyake. "Mama Nsimire, niko na barua mbili tayari."

Basi nikaelewa yote. Ningeweza kukimbia kwa Télesphore nikamtaja mzee, na mimi ningebaki na kona yangu garajini, yeye angebebeshwa kosa la chanjo na kupewa barua ya tatu. Nilimkasirikia pia, nisidanganye, kwa sababu alisikia nikitukanwa akanyamaza. Lakini mzee hakuiandika karatasi ile. Nikampigia Térence simu, nikamwambia Ijumaa aje aone winchi ikijaribiwa kwa macho yake.

Ijumaa asubuhi tulikuwa kwenye mto wa Kanyosha, pale malori yanapochota mchanga. Mzee Méthode alilizamisha jipu kwenye mchanga wa maji mpaka ekseli, nikafunga kamba kwenye mkaratusi wa ng'ambo, nikawasogeza watu wote mbali na kamba. Ndani ya jipu, nyuma, nilikuwa nimeweka betri nyingine na nyaya za kuamshia betri iliyokufa.

"Panda wewe, shefu," nikasema. "Nisije nikaambiwa nimefanya ujanja. Vuta kama unavyotaka mashofere wako wavute."

Akapanda. Moteri ilikuwa inawaka. Aliitazama karatasi yake, akazungusha ufunguo, akakata kontakti kwa madaha, kama mtu anayetufundisha adabu. Kisha akabonyeza rimoti ya winchi.

Winchi ikalia vizuri. Jipu likasogea hatua moja, likasogea ya pili. Halafu sauti ikaanza kushuka. Ikashuka zaidi, kisanduku cha umeme kilicho juu ya winchi kikagonga tak, tak, tak, na kimya.

"Umeona?" Térence akasema, na alikuwa na furaha kabisa. "Kazi yako hiyo."

"Nimeona. Washa moteri tuondoke."

Akazungusha ufunguo. Hakuna. Akazungusha tena. Taa za dashibodi zenyewe zilikataa.

"Ni nani amezima moteri, shefu?"

Térence alirudi kuitazama karatasi, na safari hii aliisoma taratibu. Juu ya vilima mawingu yalikuwa meusi, na maji ya mto yalianza kuwa ya kahawia. Malori ya mchanga yalikuwa yanatoka moja moja. Wao hawakuhitaji kuambiwa kwamba mto unajaa.

"Si umeleta betri ingine? Unganisha basi, mama."

Nikazichukua nyaya zangu nikazikumbatia kifuani. "Mpigie Télesphore kwanza. Weka sauti nje, wote tusikie."

"Mama Nsimire, mvua inakuja."

"Mvua naiona."

Akapiga. Alianza kwa kuzunguka, oh mitambo ina mambo mengi, oh betri ya zamani. Mi nilisimama tu na nyaya zangu. Mwishowe akasema, "Waya hazina kosa. Ni mimi nimezima moteri."

"Na Jumanne?" nikauliza.

Mzee Méthode alikuwa amesimama pembeni ya mlango, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

"Jumanne Méthode alifuata karatasi yangu," Térence akasema.

Télesphore upande wa pili alianza kuniita dada, dada yangu, ulijua nilikuwa naogopa wateja tu. Yeye nitaonana naye Jumamosi. Nikaunganisha nyaya, jipu likatoa moshi mweusi na kuwaka.

Térence akabonyeza rimoti tena. Winchi ikalia kwa nguvu zake zote, na matairi yakaanza kupanda. Tulikuwa tumebakiza kama mita mbili kufika kwenye mawe ndipo simu ya shefu ikalia mfukoni. Kile kifaa chake kilikuwa kinamshtakia: moteri inawaka, gari halitembei.

Mkono wake wenyewe ukaenda kwenye ufunguo, hata hakufikiri.

Mzee Méthode akaviangusha viatu majini, akaingiza mkono dirishani, akamshika shefu wake kifundo cha mkono. Hakumwachia mpaka matairi yote manne yalipofika kwenye mawe.