Neno Moja Katikati ya Ngoma

Alipoanza kufoka kwenye kipaza sauti, watu walisema yule binti anagombana na spika. Wakamwita Mama Spika kabla hata hajawa mama wa mtu. Hakujali. Alitundika mablanketi kwenye kuta za chumba cha kushonea cha mama yake, akamsimamisha mdogo wake wa kiume katikati, wakatoa santuri ya kwanza ya muziki wa kufoka mji mzima. Leo maprodyuza wenye mvi zao wanampa shikamoo.

Mdogo wake hakuwahi kuota mvi. Homa ya siku tatu, basi, akamwacha mkewe na mimba ya miezi sita.

Mimba ile sasa ni muuguzi. Alasiri moja alitoka kazini moja kwa moja hadi kwa shangazi yake, akajibwaga juu ya boksi la spika.

"Shangazi, nina ombi."

"Kama ni la kupikiwa, umechelewa."

"Nataka kumsikia baba. Yeye peke yake. Kwenye wimbo nasikia ngoma tu, yeye ni kama anaongea nyuma ya mlango."

Hilo ndilo Mama Spika alilokuwa akilikimbia miaka thelathini. Mashine yao ilikuwa na njia nne tu za kurekodia, na yeye kwa ujanja wake aliunganisha sauti na ngoma kwenye njia moja, apate nafasi ya kinanda. Vikishaungana ndiyo vimeungana, kama chumvi kwenye mchuzi. Na ule mkanda wa awali wenye sauti ya mdogo wake peke yake alirekodi wimbo mwingine juu yake. Tena alijisifia, akawafundisha wenzake wafanye vivyo hivyo.

"Nilimpelekea fundi wa kompyuta huo wimbo ajaribu kuitenganisha sauti na ngoma," alisema taratibu. "Alinirudishia baba yako kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa."

"Kwa hiyo hakuna?"

Binti alikuwa akizungusha kamba ya kitambulisho chake kidoleni, vilevile babake alivyokuwa akifanya na waya wa kipaza sauti.

Mama Spika akainuka, magoti yakilia, akaiweka ile santuri kwenye mashine ya kuchezea santuri. Sindano ikashuka, ngoma ikapiga. Akaikamata sahani ya santuri kwa vidole, akairudisha nyuma, akaiachia, akaikamata tena. Ulikuwa mchezo wake wa ujanani, ambao hakuwa ameugusa tangu mazishi. Alitafuta ule ufa ambapo pigo moja limekwisha na la pili halijafika, maana mdogo wake alikuwa na tabia ya kujisukuma kwa neno moja kabla ya kufoka.

"Haya."

Binti aliruka. "Nani huyo?"

"Unadhani nani?"

Vidole vikarudi. "Haya." Vikarudi tena. "Haya."

"Mbona nyembamba hivyo? Mimi nilimwazia sauti nene!"

"Kinene kilikuwa kitambi. Sauti tulinyimwa ukoo mzima."

Wakacheka mpaka binti akaanza kufuta macho kwa mkono wa sare yake. Mama Spika naye angetamani neno la pili, japo "dada" tu. Lakini mbele ya neno lile palikuwa na ngoma, na aliyeipigilia pale ni yeye mwenyewe.

"Tena, shangazi."

Kiganja kilikuwa kimeanza kumuuma. Akairudisha sahani.