Filimbi ya Kocha Stroud

Jezi zilifika studio Jumanne asubuhi ndani ya maboksi ya ndizi, wakati Desmond Ratliff ameketi mlangoni akimenya karanga za kuchemsha. Chuo kimoja kidogo cha kusini mwa jimbo la Georgia kilikuwa kimebadili rangi za timu yake, kikauza nguo za zamani kwa bei ya kutupa. Watu wa mavazi walifurahi. Jezi mpya huonekana mpya mbele ya kamera, na hizi zilikuwa na madoa ya kweli ya nyasi na jasho lisilotoka.

Baada ya chakula cha mchana vijana waliokodiwa kucheza kama timu walivaa, wakafunga kinga za plastiki mabegani, wakajipanga kwenye nyasi bandia. Walioitwa walikuwa kumi na mmoja. Waliosimama walikuwa kumi na wawili. Yule wa mwisho alikuwa kijana mweusi, mrefu, mwenye mwili mkubwa, amevaa namba sitini na nne. Magoti yake yalikuwa na udongo mwekundu na midomo yake ilikuwa imepasuka. Msaidizi wa mwongozaji alimuuliza ameletwa na nani. Kijana akavua helmeti, akasema anaitwa Terrell Boatwright, na kwamba jezi ile ni yake; alifia ndani yake mazoezini, Agosti ya mwaka juzi. Msaidizi akamwomba arudi nyuma kidogo kwa sababu alikuwa anamziba mwenzake.

Tamthilia yenyewe iliitwa *Majogoo*. Ilihusu timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, ambayo wachezaji wake walikunywa bia kwa mpira wa kumwagilia bustani, wakapoteza suruali zao katika mabweni ya wasichana, na kupimana mambo ambayo Desmond asingependa mama yake ayaone. Mama yake aliyaona yote, kila Alhamisi, huku ameshika mbavu. Desmond alicheza Kocha Buck. Alikuwa ametumia nusu ya maisha yake jukwaani, katika michezo mizito na kumbi zenye viti vitupu, na hakuna aliyemjua. Sasa watu walimsimamisha kwenye vituo vya mafuta wakimwomba aseme neno lake moja tu, lile lililochapwa hadi kwenye fulana: Maji ni ya samaki.

Kila kipindi kilikuwa na mazoezi ya jua kali, na kila mazoezi Kocha Buck aliwanyima vijana maji. Utamu wa kichekesho ulikuwa hapo. Mmoja alikunywa maji ya chombo cha maua. Mwingine alilala kifudifudi kwenye bakuli la mbwa. Brody, nyota wao, alitambaa hadi bafu la wasichana, akapita katikati ya wasichana waliokuwa uchi bila kumtazama hata mmoja, akaachama chini ya bomba. Watazamaji waliokuja studio kila Ijumaa waligongana mabega kwa kucheka.

Ijumaa hiyo Terrell hakuwa amepewa maneno yoyote. Katikati ya mazoezi alinyoosha mkono.

"Kocha, naweza kunywa sasa?"

Desmond hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake aning'inie jukwaani. "Maji ni ya samaki, mwanangu," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Mwongozaji, Kip Lindqvist, akaomba warudie. Walirudia mara kadhaa, na kila mara kijana aliuliza kwa uso uleule wa mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza. Kip alisema uso wa namna ile haufundishwi shuleni. Chama cha waigizaji kilipoulizwa kilijibu kwamba marehemu hahitaji uanachama, na wiki iliyofuata waandishi walimtengea Terrell nafasi yake.

Hakuwa na pa kwenda kati ya Ijumaa na Ijumaa. Alikaa kwenye benchi la koridoni, nje ya chumba cha Desmond, helmeti kando yake. Alikuwa na adabu za mtoto aliyelelewa kanisani, na ulimi wake ulikuwa mwepesi.

"Kocha, yule Brody anakimbia kama amebanwa na haja."

"Analipwa akimbie hivyo."

"Mimi ningekimbia vizuri bure."

"Ulishakimbia bure," Desmond alimwambia, na kijana akakubali kwamba ni kweli.

Desmond alimpelekea chupa ya maji siku ile ya kwanza. Terrell aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaishika. Jioni Desmond alimkuta bado ameishika. Akamwambia anywe, hakuna kamera hapa. Terrell akasema hajaruhusiwa. Desmond akasema, mimi ndiye kocha, nimekuruhusu. Kijana aliinamisha kichwa kwa aibu, kama anayelazimika kumsahihisha mtu mzima.

"Filimbi haijalia, kocha."

Filimbi ya Kocha Buck ilikuwa ya jukwaani. Ilikuwa imetolewa kile kipira cha ndani ili isiharibu maikrofoni, na mlio uliongezwa baadaye na watu wa sauti. Desmond alikwenda duka la michezo akanunua filimbi nzima. Aliipuliza koridoni hadi watu wakachungulia milangoni. Terrell alisikiliza vizuri, kisha akatikisa kichwa. Haikuwa hiyo. Alitaka ile iliyomwanzishia mazoezi, kwa sababu hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kuyamaliza.

Kadiri miezi ilivyokwenda, studio ilizidi kukauka. Maua ya mapokezi yalikuwa ya kwanza. Halafu chupa zilizofungwa zikaanza kukutwa tupu ndani ya jokofu, vizibo havijaguswa. Bomba alilopita karibu nalo Terrell lilikohoa na kunyamaza. Watazamaji walirudi kwenye magari yao midomo imechanika, na mwanamke mmoja alionekana akilamba umande kwenye kioo cha gari la jirani. Uongozi ulibandika tangazo la kuwaomba wageni waje na maji yao. Hakuna aliyelalamika. Viti vilijaa kuliko zamani, na watazamaji wa nyumbani waliongezeka kila Alhamisi.

Desmond alimwendea Kip akaomba kichekesho kile kifutwe. Kip alimsikiliza kwa upole. Alisema hata yeye anamwonea huruma kijana, ndiyo maana amempa kazi.

"Ukimpa maji, Des, anabaki nini? Kijana mnene tu amesimama."

Mwishoni mwa Julai walirekodi kipindi maalumu cha kufungulia msimu, na Kip akaalika mgeni acheze kama yeye mwenyewe. Mgeni huyo alikuwa Kocha Harlan Stroud. Ndiye aliyekuwa akifundisha katika kile chuo kidogo kilichouza jezi. Baada ya mazishi ya Terrell alikuwa ameagwa kwa karamu ya nyama choma, akachukuliwa na chuo kikubwa zaidi. Alikuwa mtu mchangamfu, anayekumbuka majina ya madereva. Filimbi ya shaba ilining'inia shingoni mwake.

Desmond alimvuta pembeni kabla ya kuanza. Alimuuliza kama amemwona kijana aliyeko kwenye benchi.

"Nimemwona. Boatwright. Mwaka ule alikuja mzito kutoka nyumbani, mama yake alikuwa mpishi hodari." Stroud alitabasamu kwa kumbukumbu hiyo. "Moyo wa simba yule mtoto. Hakuwahi kunibishia hata siku moja."

"Mpulizie filimbi anywe."

Stroud aliishika filimbi yake, akaitazama.

"Nikipuliza leo, rafiki yangu, watu watauliza kwa nini sikupuliza siku ile. Sasa hivi hakuna anayeuliza. Kumetulia." Alimpigapiga Desmond begani. "Wewe unafanya kazi nzuri. Vijana wangu wanakupenda."

Walipoanza kurekodi, joto la ukumbi lilikuwa la kufukuza watu, lakini hakuna aliyetoka. Stroud aliingia kwa makofi. Terrell alipomwona hakungoja kuambiwa. Alijitupa chini, akainuka, akakimbia papo hapo, akajitupa tena, kama walivyokuwa wakiadhibiwa. Kila alipoinuka udongo mwekundu ulianguka kwenye nyasi bandia, na watu wakacheka. Pumzi yake ilisikika hadi viti vya juu. Zamu ya Desmond ya kusema maneno yake ilifika ikapita. Wenzake walimwangalia.

"Mpeni maji," Desmond alisema. "Huyu mtoto apewe maji."

Watu walicheka kwa kutojua. Basi Desmond akamvamia Stroud, akaing'oa filimbi shingoni, akaipuliza kwa nguvu zake zote. Ulikuwa mlio mkali, wenye kutu, na wachezaji wote walisimama, hata wale wa kukodiwa. Terrell naye alisimama. Mkono wake ulikuwa tayari umefungua kizibo cha chupa iliyokuwa pembeni. Hapo hakumtazama Desmond. Alimtazama Stroud.

Stroud, huku anazitabasamia kamera, alitikisa kichwa.

Terrell akafunga kizibo. Aliirudisha chupa mahali pake taratibu, ili isianguke, akajitupa chini tena. Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu sana hivi kwamba watu wa sauti walilazimika kukipunguza. Kip alikuja kumkumbatia Desmond akilia machozi ya furaha. Alisema hilo la kunyang'anya filimbi lisiguswe, na kuanzia sasa litakuwemo kila wiki. Kufika Jumapili kipande hicho kilikuwa kwenye simu za watu wote, na watoto walikuwa wakikiigiza kwenye maegesho ya magari.

Jumatatu Desmond alikuja kuchukua nguo zake tu. Terrell alikuwa kwenye benchi, ameegemea ukuta.

"Kocha, kuna mwenzangu anakuja," alisema.

"Nani?"

"Sijajua jina. Wa mwaka wa kwanza. Kocha Stroud ameanza mazoezi leo." Alifikiri kidogo. "Ameacha kutoka jasho."

Desmond alipiga simu chuoni kwa Stroud akiwa amesimama palepale. Msichana mwenye sauti ya ukarimu aliitika, akasema yeye ni Kaylee wa ofisi ya futiboli, na kwamba Kocha Stroud yuko uwanjani na wanafunzi wapya, apige tena jioni.

"Dada, nenda uwanjani. Waambie wapewe maji."

"Ngoja. Hiyo sauti... Ni wewe?" Kisha Kaylee, akiwa ameigeuzia ofisi mdomo, akawaita wenzake waje haraka. Alifungua spika. Viti vilisikika vikisogezwa. "Haya, sema tena, baba. Kama ulivyosema kule."

"Sichezi. Wapeni maji sasa hivi. Kuna kijana anakufa."

Walicheka vizuri, kwa pamoja, na mmoja wao akapiga makofi. Kaylee alimshukuru sana. Alisema wamekuwa na asubuhi ngumu, joto limezidi, hata mashine ya barafu imekufa, na kwamba amewafurahisha kweli. Kisha akamtakia siku njema na kukata.

Desmond alipiga tena. Simu iliita bila kupokelewa. Alijaribu mara nyingine, na alipokuwa bado ameishikilia sikioni, mlango wa mwisho wa korido ulifunguka. Njumu zililia kwenye saruji, polepole, hatua za mtu asiyejua ni chumba kipi.

Terrell aliondoa helmeti kwenye benchi, akaiweka chini, akasogea.

"Huku," alisema.