Povu Lililoruka Ukuta

Mkemia wa kiwanda cha ngozi aliishi nyuma ya ukuta wa kiwanda chenyewe, nyumba moja na mama mkwe wake. Wawili hao walipatana kama mtu na dada yake, lakini mfereji uliopita chini ya dirisha lao uliwakosesha raha. Maji yaliyooshea ngozi yalitoka meusi, yananuka. Mabwawa ya kuyasafisha yalikuwa yamesalimu amri: dawa za ngozi ni ngumu mno, vijidudu vya bwawani vinavyokula uchafu haviziwezi.

Siku moja mkemia akamshawishi msimamizi wa kiwanda wajaribu njia nyingine. Maji yaingizwe kwenye tangi, yatiwe asidi kidogo, kisha chumvi ya chuma, halafu peroksaidi, ile dawa inayotoa povu ikigusa kidonda. Chuma na peroksaidi vikikutana huzaa nguvu kali ya kufumba na kufumbua, inayoukatakata uchafu mpaka vijidudu viuweze.

Msimamizi alikuwa mtu wa pupa. Ilipofika zamu ya peroksaidi, akafungua bomba lote.

"Polepole, kaka!" mkemia alipiga kelele.

Wapi! Tangi liliguna, povu la kahawia likapanda, likafurika, likammeza msimamizi hadi magotini, kisha likaruka ukuta.

Upande wa pili ikasikika sauti: "Jamani, kiwanda kimeota ndevu!"

Mkemia alitoka mbio, roho mkononi. Akamkuta mama mkwe amesimama uani na povu miguuni. Akammwagia maji ndoo baada ya ndoo.

"Unaumia wapi, mama?"

"Mbavu," alijibu, akashindwa kuendelea kwa kicheko.

Mkemia naye akacheka mpaka machozi.

Aliporudia jaribio, bomba alilishika mwenyewe, na msimamizi akapewa kazi ya kuangalia tu. Peroksaidi ilidondoka tone kwa tone. Weusi ukafifia, ukawa rangi ya chai, kisha chai ya mgonjwa. Mwishowe akatia chokaa. Chuma kikajikusanya na kutuama chini, tope la rangi ya kutu. Juu yake maji yalikuwa meupe. Hayakuwa ya kunywa, lakini sasa mabwawa yangeyamudu.

Mama mkwe aliitwa kushuhudia. Akainusa chupa ya maji hayo, akamtazama mkemia kwa jicho la pembeni.

"Haya mmechota bombani."

"Njoo uchote mwenyewe, mama."

Akapanda ngazi ya tangi, msimamizi akimshika mkono, akachota, akanusa tena. Halafu akapiga kigelegele kirefu hata wafanyakazi wakatoka vyumba vya ngozi na glavu zao zinazochuruzika, wakiuliza ni harusi ya nani.

"Ya mkwe wangu na maji!" akawajibu kutoka juu ya ngazi, na hakutaka kushuka.