Kiti cha Kulia kwa Cate

Kwa miaka miwili kile kiti cha upande wa kulia wa Cate kilikuwa changu. Kila Jumamosi mchana, katika saiba, duka la kompyuta za kukodi, ghorofani karibu na stendi ya Nakuru, yeye alirusha ndege ya mbele na mimi, Ndung'u, nikamlinda mgongo. Tulicheza mtandaoni ule mchezo wa ndege za kivita za zamani, unaofuata fizikia kwa ukali kuliko mwalimu wa hesabu: ukikata kona kwa nguvu, mwendo unaisha, na ukishaisha huupati tena bila kupoteza kimo.

Mwezi wa tatu akaja Kiptum wa Olenguruone, muuza mbegu, mpole hadi anakera. Huyu hakati kona. Anapanda juu kabisa, anatulia huko, kisha anashuka, anapiga, anarudi juu. Wiki ya nne Cate akaniambia bila hata kunitazama, "Ndung'u, hama kidogo, Kiptum akae hapa. Wewe unamaliza speed yote kwa kona moja."

Nikahama. Roho iliniuma mpaka chai ikanishinda. Nilimchukia Kiptum, nikachukia sweta lake na jinsi Cate alivyocheka kwa vichekesho vyake ambavyo hata havikuchekesha.

Basi nikaanza kumchunguza. Nilirudia rekodi za mechi zake hadi nikaona nilichotaka kuona: ndege yake ilikuwa ikienda kilomita mia sita na arobaini kwa saa, bila hata kushuka. Jedwali nililokuwa nalo lilisema ndege ile mwisho wake ni mia tano na thelathini. Mwizi! Sikumuuliza mtu. Niliwaandikia waandaaji wa ligi yetu ya timu za wawili wawili, wakamsimamisha, na fainali ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo. Nilifurahi, sitadanganya.

Jumamosi saa sita Kiptum akanipata kwenye ngazi.

"Niaje boss. Hiyo mia tano thelathini ni ya kimo gani?"

"Kimo gani tena? Ni ya ndege."

Akafungua simu, jedwali lile lile langu. Juu ya safu yangu ya namba palikuwa pameandikwa: usawa wa bahari. Safu iliyofuata ilikuwa ya mita elfu sita, na hapo palikuwa na mia sita na arobaini.

"Huko juu hewa ni nyepesi, haishiki ndege," akasema. "Kwetu Olenguruone kule milimani, hata maharagwe hukawia kuiva jikoni kuliko hapa chini. Na boss, hata hapa Nakuru si usawa wa bahari."

Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, halafu nikapima mbingu kama mtu wa Mombasa! Nilitamani ngazi inimeze.

"Andika tu mstari mmoja kabla fainali haijaanza saa nane," akasema. "Waandaaji wanasema ni wewe tu unaweza kuondoa hiyo complaint."

Nikamwambia sawa. Niliuandika kweli, nikiwa nimeketi mbele ya kompyuta. Kisha Cate akaingia, akavuta kiti, akaweka mkoba wake kando ya mguu wangu kama zamani. "Leo ni mimi na wewe," akasema. Nikafuta mstari.

Mechi ilidumu dakika kumi na moja. Niliona adui mmoja chini, nikamfuata kwa kona tatu kali, na mwendo ukaniishia. Ndipo Cate akaita, "Wawili nyuma yangu! Njoo!" Nikavuta usukani. Ndege ilining'inia pale, nzito, isiyo na kimo wala mbio, na nikamtazama akiungua.

Akavua vipokea sauti taratibu.

"Hilo jedwali ulilowatumia waandaaji nililisoma Alhamisi, safu zote mbili," akasema. "Nilikuwa nangoja uandike mwenyewe. Nimekaa hapa kando yako mpaka saa nane ikapita."

"Cate, nilikuwa..."

"Kushindwa ni sawa. Lakini hapa hutakaa tena."

Akatoka. Nikauandika ule mstari upya, saa tisa kasoro, nikautuma kwenye kundi lote la ligi, jina langu na kosa langu. Hakuna aliyejibu ila Kiptum. "Asante boss," akaandika, "si rahisi kusema hivyo."

Nilisoma maneno hayo mara mbili, mara tatu. Nilijua alimaanisha kila neno, na nikamwonea wivu kuliko siku zote.